Kulipima shauri la uzembe wa kitabibu kwa juri la majaribio: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilipohesabu mashauri ya madai yaliyosikilizwa hadi hukumu katika mahakama za majimbo mwaka 2005, ilikuta kwamba katika mashauri ya uzembe wa kitabibu upande wa mgonjwa ulishinda takriban asilimia 23 tu. Kati ya kila familia nne zilizofika mwisho wa safari, tatu zilitoka mikono mitupu. Zilikuwa zimesubiri miaka na kulipia mashahidi wataalamu kwa bei kubwa. Mtu aliyeumia alikuwa amesimulia aibu na maumivu yake mbele ya wageni, kisha akaambiwa hapana.

Naamini sehemu ya majonzi hayo inaepukika. Mashauri mengi yenye ukweli wa kitabibu huangushwa na swali dogo ambalo wakili hakulifikiria kwa sababu amekaa na faili muda mrefu mno. Dawa yake ni kulipeleka shauri mapema mbele ya watu wa kawaida, kuwaeleza pande zote mbili kwa ufupi, kuwaacha wabishane, na kuwasikiliza. Hilo ndilo juri la majaribio, mfano wa juri halisi la raia wanaoamua shauri mahakamani. Wanasosholojia waliousaidia upande wa utetezi katika kesi ya wapinga vita wa Harrisburg, Pennsylvania, mwaka 1972, ndio wanaohesabiwa kuwa waanzilishi wa kazi ya kuwachunguza wanajuri kitaalamu. Miaka kumi baadaye wenye kazi hiyo walikuwa na chama chao cha kitaifa.

Mwongozo huu nauandika kwa wakili, msaidizi wa wakili au mkalimani anayehudumia familia zinazosema Kiswahili huko Marekani, na kwa mgonjwa mwenyewe anayetaka kuelewa wakili wake anafanya nini na fedha za shauri. Aliyekulia Kenya, Tanzania au Kongo amezoea kuona shauri la madai likiamuliwa na hakimu au jaji. Marekani, mara nyingi wanaoamua nani kasema kweli na fidia iwe kiasi gani ni raia wa kawaida waliookotwa kwenye orodha za wapiga kura na wenye leseni za udereva. Jaji anawaeleza sheria, na uamuzi ni wao.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Mama wa miaka 34, mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Buffalo, New York, anaenda usiku chumba cha dharura cha hospitali ya binafsi. Tumbo lilianza kumuuma kwenye kitovu, sasa maumivu yamehamia chini upande wa kulia. Chembe nyeupe za damu ziko juu. CT skani, picha ya mionzi ya ndani ya tumbo, haipigwi. Daktari anaamua ni maambukizi ya kawaida ya tumbo na kumruhusu aende nyumbani na karatasi ya Kiingereza inayosema arudi ndani ya saa 24 kama hali haijabadilika. Alipopokelewa alikuwepo mkalimani wa simu. Wakati wa kuruhusiwa, aliyetafsiri ni mwanawe wa miaka 13. Anarudi siku ya tatu, kidole tumbo kimepasuka, usaha umeenea tumboni. Anafanyiwa upasuaji mkubwa, analazwa wiki kadhaa, anapoteza kazi kiwandani.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna juri, na ujue ni la namna gani

Usianze kukodi ukumbi kabla ya kujua nani ataamua. Familia nyingi za wahamiaji hutibiwa kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Wafanyakazi wa vituo vingi vya aina hiyo huhesabiwa kisheria kama watumishi wa serikali kuu. Shauri lao huenda mahakama ya shirikisho, jaji anaamua peke yake, na lazima kwanza upeleke dai la maandishi kwa serikali ndani ya miaka miwili. Hospitali za chuo kikuu cha jimbo la New York nazo hushtakiwa katika mahakama maalumu ya madai dhidi ya jimbo, ambako pia hakuna juri. Hospitali za manispaa au za kaunti zina juri, lakini zinadai taarifa ya dai ndani ya siku 90. Kwa hospitali na daktari wa binafsi New York inatoa miaka miwili na nusu ya kufungua shauri.

Kisha angalia hesabu ya juri. New York juri la madai lina watu sita, na watano wakikubaliana inatosha. Si lazima wawe watano walewale kwa kila swali. California ni watu 12, tisa wanatosha. Texas ni 12 katika mahakama za wilaya, kumi wanatosha. Florida ni sita, na wote lazima wakubaliane. Juri lako la majaribio lifuate umbo la juri halisi, kwa sababu mtu mmoja mbishi ana nguvu tofauti kabisa katika chumba cha Florida na katika chumba cha New York.

Kikomo cha fidia nacho kinabadilisha thamani ya zoezi lote. Texas iliweka mwaka 2003 kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu na mateso dhidi ya madaktari. California ilikaa na kiasi hichohicho tangu 1975, na kuanzia 2023 kikapanda hadi 350,000, au 500,000 mgonjwa akifa, na kinaendelea kupanda kila mwaka. New York haina kikomo. Ila mgonjwa akifa, sheria ya New York huhesabu hasara ya fedha kwa waliobaki na haihesabu majonzi yao. Wafiwa wetu wengi hawaamini wanapoambiwa hivyo, na ni bora waambiwe mapema.

Hatua ya 2: Amua unataka kujua nini, na lini

Kuna wakati wa aina mbili. Wa kwanza ni mapema, kabla ya kumhoji daktari chini ya kiapo. Hapo unahitaji kikao kidogo: watu wanane, saa mbili, chumba cha maktaba au mkutano wa video. Unawapa kisa kipande kwa kipande na kuuliza, "Mngependa kujua nini zaidi?" Maswali yao yanakuwa maswali yako siku ya kumhoji daktari. Wa pili ni miezi miwili au mitatu kabla ya kesi, ushahidi wa kiapo ukiwa umekusanywa na wataalamu wamejulikana. Hapo ndipo juri kamili la majaribio linafaa.

Kikao kidogo kinaweza kugharimu dola elfu chache. Zoezi kamili la siku nzima lenye mshauri wa kitaalamu, ukumbi na kamera hufika makumi ya maelfu. Fedha hizo ni gharama za shauri, na mwishoni mara nyingi hukatwa kwenye fidia ya mgonjwa. Mweleze mteja kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa kabla ya kutumia. Kama shauri zima haliwezi kubeba gharama hiyo, kikao kidogo kilichoandaliwa vizuri kinatosha.

Andika maswali yasiyozidi matano. Kwa mfano wetu: Je, wanaona kosa kwenye kutopiga CT? Je, wanaamini kwamba angegunduliwa usiku uleule angefanyiwa upasuaji mdogo badala ya huu mkubwa? Wanamlaumu mama kwa kiasi gani kwa kurudi siku ya tatu? Jambo la mtoto kutafsiri linasaidia au linaudhi?

Hatua ya 3: Tafuta watu wanaofanana na watakaoamua

Wanajuri wa majaribio wawe watu ambao wangeweza kuitwa kweli: raia wa Marekani, miaka 18 na zaidi, wanaoelewa Kiingereza, wakazi wa kaunti husika au kaunti jirani inayofanana nayo. Kwenye kaunti ndogo ambako kila mtu anaifahamu hospitali, nenda jirani. Vinginevyo utawachafua watu ambao wiki chache baadaye wangeitwa mahakamani.

Tumia kampuni ya kutafuta washiriki wa utafiti, au tangazo la kazi ya siku moja lisilotaja shauri. Kwenye mchujo waondoe wanaowajua wahusika, wafanyakazi wa hospitali hiyo, mawakili, waandishi wa habari, na yeyote aliyepata wito wa juri wa miezi ijayo. Usimwondoe kila mwenye uhusiano na tiba. Nesi mstaafu anaweza kuketi kwenye juri halisi, na akiketi wenzake watamgeukia yeye. Ni muhimu ujue atasema nini.

Linganisha umri, jinsia, elimu, rangi na kazi na hali ya kaunti. Usijaze chumba kwa watu wenye huruma. Marafiki, wafanyakazi wa ofisi, waumini wa kanisa la mteja au wanajumuiya wa Wakongo wa Buffalo hawafai kwa kazi hii, hata kama wako tayari kuja bure. Wanamjua mama huyu au wanajiona ndani yake. Watakupa faraja ambayo juri halitakupa.

Kundi moja la watu sita halitoshi kukuambia kitu. Kama uwezo upo, tafuta watu 18, uwape maelezo kwa pamoja, kisha uwagawe makundi matatu ya sita sita wakati wa mashauriano. Makundi matatu yaliyosikia maneno yaleyale yakitoa majibu matatu tofauti, umejifunza kwamba shauri lako liko ukingoni, na wanajuri utakaopangiwa siku ya kesi ndio watakaolisukuma upande mmoja.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani wakili wako bora

Hapa ndipo mazoezi mengi yanapoharibika, na ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niandike. Wakili mkuu hupenda kutetea upande wake mwenyewe na kumwachia kijana wa ofisi upande wa daktari. Kijana anasoma karatasi kwa sauti ya chini, wanajuri wa majaribio wanampa mgonjwa mamilioni, ofisi inasherehekea, mteja anakataa suluhu nzuri. Miezi mitatu baadaye anasimama wakili wa bima mwenye uzoefu wa miaka thelathini na daktari mpole mwenye mvi, na lile juri halisi linaona kitu kingine kabisa.

Fanya kinyume. Anayelijua shauri zaidi na anayesema vizuri zaidi ndiye amtetee daktari. Aandae utetezi kana kwamba analipwa na hospitali. Kwa mfano wetu aseme hivi: dalili za kidole tumbo mwanzoni hufanana na za magonjwa mengi, CT ina mionzi na haipigwi kwa kila anayeumwa tumbo, daktari alimchunguza, alipima damu, alimpa maji ya mshipa na mama akasema nafuu, karatasi ilisema arudi ndani ya saa 24, naye akarudi siku ya tatu, pengine kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kupasuka usiku uleule. Kila hoja iungwe na ukurasa wa rekodi au maneno ya mtaalamu wao.

Upande wa mgonjwa nao usitumie chochote ambacho jaji hatakiruhusu. Usiseme habari za bima. Usitaje malalamiko ya zamani dhidi ya daktari kama hayataingia mahakamani. Ushahidi unaobishaniwa uweke kando, au uutoe kwa kundi moja na kulinyima jingine ili uone tofauti yake. Suala la mtoto kutafsiri ni mfano mzuri wa jaribio hilo. Kanuni za shirikisho zinazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwenye dharura, lakini huna hakika jaji ataruhusu kiasi gani cha hoja hiyo. Kundi moja lisikie, jingine lisisikie, mengine yote yabaki vilevile. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi limefanya kazi.

Andaa pia vipande vya video vya ushahidi wa kiapo, dakika tano hadi saba kwa kila mtu: daktari, nesi aliyemruhusu, mama mwenyewe, na mtaalamu mmoja kila upande. Watu huamini nyuso, na mukhtasari wa wakili hauwezi kuonyesha uso. Kipande cha daktari kiwe cha haki, chenye majibu yake mazuri pia.

Majina yabadilishwe, tarehe za kuzaliwa na namba za rekodi zifutwe. Rekodi za matibabu zinalindwa na sheria, na mama huyu ana haki ya kutoonekana mtaani kama mwanamke aliyepasuka tumbo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Jumamosi inafaa kwa sababu hata wenye kazi wanapatikana. Saa mbili na nusu asubuhi watu wanapokelewa, wanatia sahihi fomu ya kutunza siri, wanajaza dodoso la kwanza: kazi, familia, uzoefu na hospitali, wanavyowaona watu wanaoshtaki madaktari. Mtu yeyote asiwaambie ni upande gani umewaita na kuwalipa. Mwezeshaji awe mgeni kwao, na mawakili wa pande zote mbili waketi mbali na mtu aliyekodi ukumbi.

Mwezeshaji anatoa maelezo mafupi yasiyoegemea upande. Wakili wa mgonjwa anachukua dakika 40, watu wanajaza dodoso fupi. Utetezi unapata dakika 40 au hata 45, dodoso tena. Kisha video. Mwishoni mgonjwa anapata dakika kumi za kujibu. Kwenye kila dodoso waulize wanaegemea upande gani kwa kipimo cha moja hadi saba, na sababu kwa maneno yao wenyewe. Utaona mahali hasa ambapo mioyo iligeuka.

Kisha wasomewe maelekezo ya jaji kwa maneno yatakayotumika kweli. New York kuna vitabu vya maelekezo ya mfano, na maswali ya juri hupangwa kwa mfuatano: je, daktari alitoka nje ya utaratibu unaokubalika wa kitabibu? Je, kutoka huko kulikuwa sababu yenye uzito ya madhara? Je, mgonjwa naye alizembea, na kwa asilimia ngapi? Fidia ni kiasi gani, kwa kila fungu? Sisitiza kiwango cha ushahidi: inatosha jambo liwe na uwezekano zaidi kuliko kutokuwa. Watu wamezoea kesi za jinai za kwenye televisheni, wanadai uhakika kamili.

Kabla hawajasema neno, kila mtu aandike uamuzi wake peke yake. Msisahau hili. Wakishaanza kuongea, wanyonge huwafuata wenye sauti, na huwezi tena kujua mtu alianza wapi.

Hatua ya 6: Sikiliza mashauriano

Wape chumba, wachague mwenyekiti wao, na utoke. Wewe uko nyuma ya kioo au kwenye skrini ya chumba kingine, saa moja hadi moja na nusu kwa kila kundi. Usiingie kusahihisha. Watakosea tarehe, watachanganya nesi na daktari, watasema mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Yaandike yote. Kosa linalorudiwa na makundi mawili ni kosa la maelezo yako, na juri halisi litalifanya pia.

Utasikia mtu akisema, "Daktari hakukusudia." Sheria haidai kukusudia, lakini moyo wa mtu unadai, na inabidi wakili aliseme hilo waziwazi mahakamani. Mwingine atasema kwamba kama kweli aliumwa hivyo angerudi mapema, yeye angemrudisha mama yake usiku uleule. Jibu la hapo usilikisie. Sikiliza kama kuna mwenzao anayemjibu, na kwa hoja gani. Mwanajuri akimtetea mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, chukua maneno hayo. Yana nguvu kuliko uliyoyaandika ofisini.

Kuna pia wale wanaosema, "Tukiwaadhibu, madaktari watahama mji wetu." Hao usijitaabishe kuwabadilisha. Kazi yako ni kujua kwenye dodoso la asubuhi walijibu nini, ili upate maswali ya kuwatambua watu kama wao siku ya kuchagua juri halisi. Tafuta alama kwenye uzoefu na mitazamo yao. Jinsia na rangi havikusaidii sana, na mahakama ya juu ya nchi ilishaamua mwaka 1991 kwamba hata kwenye mashauri ya madai huruhusiwi kumkataa mwanajuri kwa sababu ya rangi yake.

Angalia upofu wa baada ya tukio. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, huona kana kwamba lilitabirika tangu mwanzo. Hali hiyo humsaidia mgonjwa: "Si ilikuwa wazi ni kidole tumbo?" Lakini humgeukia pia: "Si alijua anazidi kuumwa?" Utetezi mzuri utawaambia wanajuri wajiweke mahali pa daktari usiku ule. Sikiliza kama makundi yako yanaweza kufanya hivyo, na wakifanya, shauri linabaki na nini.

Wakimaliza, mwezeshaji aingie awaulize moja kwa moja: ni shahidi gani mlimwamini, ni swali gani halikujibiwa, nini kingebadilisha mawazo yenu? Anza na wale walioshindwa hoja. Walikubali kwa sababu ya ushahidi, au kwa sababu walitaka kwenda nyumbani?

Mgonjwa wetu anapotoa ushahidi kupitia mkalimani

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu washauri wengi wa Kimarekani hawaligusi. Mama aliyelelewa Bukavu au Kigoma, akiulizwa na wakili mzee mwanamume, atainamisha macho kwa heshima. Wanajuri wanaweza kuona mtu anayeficha. Akiulizwa, "Hali yako sasa?" atajibu, "Namshukuru Mungu, niko salama," kwa sababu hivyo ndivyo mtu mstaarabu anavyojibu salamu hata akiwa na jeraha. Imeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba amepona. Akiulizwa kama daktari alimweleza arudi, atasema ndiyo, akimaanisha daktari aliongea naye na yeye alimsikiliza. Imeandikwa kwamba alielewa maelekezo.

Onyesha kipande chake cha video kama kilivyo na uulize makundi wanamwonaje. Wengi wakisema ni baridi au anakwepa, umegundua jambo la kurekebisha kwa wakati. Usimfundishe kulia wala kumtazama mtu machoni kwa nguvu, maana atakuwa mtu mwingine na wataona. Mfundishe kujibu swali kwa urefu wake: asubuhi anaamka vipi, anambebaje mtoto, kwa nini hawezi tena kunyanyua boksi kiwandani. Kama atatoa ushahidi tena, tafuta mkalimani anayesikia Kiswahili cha Kongo kwa asili. Kiswahili cha vitabuni cha Dar es Salaam au Mombasa humwacha mama wa Bukavu akikisia nusu ya swali, naye kwa adabu hatasema hajaelewa.

Uliza pia, kwa swali la wazi, wanaonaje habari ya mtu ambaye hajui Kiingereza baada ya kuishi Marekani miaka kadhaa. Majibu yanaweza kuumiza kusikia. Ni bora uyasikie kwenye ukumbi wa kukodi.

Hatua ya 7: Fedha

Tarakimu wanazotoa juri la majaribio usizipeleke kwa mteja kama bei ya shauri. Watu 18 hawawezi kutabiri kiasi, na wanajua fedha hizo si za kweli. Kinachofaa ni kuona wanajengaje hesabu: wanaanzia kwenye bili za hospitali, mshahara uliopotea, au wanataja namba kubwa kisha wanapunguzana? Je, wanakata asilimia ya lawama ya mgonjwa mara mbili, mara moja kwenye swali la uzembe na mara nyingine kimyakimya kwenye fidia?

Jaribu pia nguvu ya namba inayotajwa. Utafiti wa Gretchen Chapman na Brian Bornstein wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mdai aliyeomba zaidi alipewa zaidi, hata maombi yalipokuwa makubwa kupita kiasi, ingawa anayeomba sana anaonekana mchoyo. New York inamruhusu wakili kutaja kiasi kwenye hoja zake za mwisho. Kwa hiyo kundi moja lisikie kiasi, jingine lisisikie, na uulize walimwonaje aliyekitaja. Kisha linganisha na fidia ambazo mahakama za rufaa za jimbo zimeziacha zisimame kwa majeraha yanayofanana, kwa sababu New York hupunguza fidia inayotoka mbali na ile inayofaa.

Hatua ya 8: Linda kazi yako, kisha uamue

Kazi inayofanywa kwa maandalizi ya shauri hulindwa isisomwe na upande wa pili. Ulinzi huo unapotea kwa uzembe. Usimwalike shahidi mtaalamu atakayetoa ushahidi aje kutazama, maana anaweza kuulizwa alichokiona. Kanda na madodoso yabaki ofisini kwa wakili. Kusanya karatasi zote za washiriki kabla hawajaondoka, na walipe palepale.

Mgonjwa asiketi nyuma ya kioo siku hiyo. Kusikia watu sita wakijadili kama ulijisababishia mwenyewe ni jeraha la pili. Wakili akae naye baadaye, amweleze yote bila kupamba, na kama anataka kuona kanda aone sehemu akiwa na mtu wake wa karibu.

Maamuzi huja ya namna tatu. Kama makundi yote yanakwama kwenye swali moja linalorekebishika, lirekebishe: ongeza shahidi wa upasuaji aeleze kwamba uwezekano wa kidole tumbo kupasuka huongezeka kadiri saa zinavyopita, tengeneza mchoro wa saa kwa saa, muite mwalimu wa mtoto aeleze kiwango chake cha Kiingereza wakati ule. Kisha jaribu tena kwa kikao kidogo chenye watu wapya, kipande hicho tu. Kama yanagawanyika kati, zungumza suluhu ukiwa na sababu mkononi. Jua kwamba malipo yoyote yanayotolewa kwa niaba ya daktari huandikwa kwenye hifadhidata ya kitaifa ya watoa tiba iliyoanza mwaka 1990, na madaktari wengi wana haki kwenye bima zao ya kukataa suluhu. Ndiyo maana mazungumzo na hospitali peke yake wakati mwingine husonga haraka zaidi. Njia nyingine ni makubaliano ya sakafu na dari: pande zote zinakubali kabla ya hukumu kwamba mgonjwa hatapata chini ya kiasi fulani hata akishindwa, na daktari hatalipa zaidi ya kiasi fulani hata juri likikasirika.

Kama makundi yote matatu yamemkataa mgonjwa kwa sababu ileile, na sababu hiyo ni ukweli usiobadilika, mwambie wiki hiyohiyo. Kuacha au kukubali suluhu ni uamuzi wake, si wa wakili, kwa hiyo mpe kwa maandishi na kwa Kiswahili: waliosema hapana walikuwa wangapi, kwa sababu gani, gharama zimefika wapi, kiasi kilichopo mezani, na kitakachobaki mkononi mwake baada ya makato. New York ada ya wakili kwenye mashauri haya imepangwa na sheria, asilimia 30 ya dola 250,000 za kwanza na kushuka kadiri kiasi kinavyopanda, hivyo hesabu hiyo inaweza kufanywa mbele yake kwa kikokotoo. Mpe siku za kuzungumza na familia yake kabla ya kutia sahihi chochote.